Sura ya Sita: Huenda Unamfahamu

Mlango ulikuwa wa kijivu. Inspekta aliutazama tangu aliposhuka garini, na alikuwa bado anautazama wakati koplo amekwisha kufungua kufuli la polisi na kusimama pembeni kumpisha.

"Karibu ndani, afande."

"Ngoja kwanza."

Alikuwa mwanamke wa makamo, mzito wa mwendo. Kituoni walimwita Shangazi akiwa hayupo, na alikuwa analijua hilo, hakuwahi kulisema. Alitoa ufunguo wa nyumba yake mfukoni, akainama, akakwaruza ubao karibu na bawaba ya chini. Unga wa kijivu ukadondoka kwenye kiatu chake. Chini ya kijivu palikuwa na bluu.

Koplo alikohoa. "Rangi tu hiyo, afande."

"Rangi tu. Niitie yule jirani, mfua nguo."

Mfua nguo alikuja mikono ikiwa bado ina povu. Hakutaka kuusogelea mlango, akasimama hatua tano nyuma, kwenye kamba zake za kuanikia.

"Dada yangu," Inspekta alimwambia, "Jumatatu ulimwona yule mtu. Nirudie ulivyomwambia koplo. Usiongeze, usipunguze."

"Si nilishasema? Alikuja mchana kweupe. Mrefu, kavaa kofia. Mimi naanika. Akanisalimu vizuri kabisa, huwezi amini. Akasema samahani dada, nauliza mlango wa bluu."

"Wa bluu."

"Wa bluu. Nikamwambia baba, hapa hakuna mlango wa bluu, jaribu nyumba ya pili. Akasema hapana, ni mlango wa nne kushoto, wa bluu, nyuma ya ghala la mbao. Nikamwambia wa nne ni ule pale kwa Mama Mashuka, ila si wa bluu. Akasema ahsante, akaenda." Alijifuta mikono kwenye nguo aliyojifunga kiunoni, akaifuta tena ingawa ilikuwa imeshakauka. "Mimi ndiye niliyemwonyesha. Kwa kidole hiki."

"Hukujua."

"Sikujua. Lakini kidole ni changu."

Inspekta alimgeukia koplo. "Hii bluu mbona haimo kwenye maelezo?"

"Afande, mlango si wa bluu. Nikaona mama wa watu amechanganyikiwa kwa msiba, nikasema nisimwaibishe."

"Hajachanganyikiwa hata kidogo. Dada, huu mlango ulipakwa lini?"

"Mwaka jana. Mama Mashuka alikuwa na mwezi mmoja tu hapa. Mwenye nyumba alikuwa na rangi imebaki, akapaka yote. Mwenzetu alinuna siku mbili, bluu aliipenda."

"Na fundi viatu alihamia lini?"

"Yule? Huyu bado mgeni. Miezi mitano, ukizidisha sana sita."

Fundi viatu alikuwa mahabusu tangu Jumatatu jioni, na aliyemweka huko ni koplo. Alikuwa mtu pekee ambaye Mama Mashuka alizoea kuongea naye kizingitini, na katika simu yake ilikutwa namba ya muuaji, yule mwenye lori waliyemwita Turubai. Koplo alikuwa amelala usingizi mzuri siku mbili kwa ajili ya namba ile.

"Aliyemwelekeza Turubai aliujua mlango ukiwa bluu," Inspekta alisema. "Fundi viatu hajawahi kuuona ukiwa bluu. Angesema kijivu."

"Na namba ya simu je, afande?"

"Turubai ana lori la kukodisha. Hata mimi ningekuwa na kabati la kuhamisha ningekuwa na namba yake."

Waliingia ndani. Nani aliua lilikuwa limeshajulikana. Mama Mashuka, Mungu amlaze pema, alikutwa amelala kifudifudi kando ya cherehani, shingoni ana kipande cha kamba ya manjano, ile nene ya kufungia turubai la lori. Lori lenyewe lilikutwa limetelekezwa karibu na kituo cha mafuta, na kamba yake imekatwa kwa kisu. Mwenye lori ndiye mumewe, ambaye Mama Mashuka alimkimbia mwaka mmoja na nusu uliopita akiwa na mtoto mkononi na nguo alizovaa. Tangu Jumatatu mume huyo alikuwa amezima simu na haonekani.

Chumba kilikuwa kidogo na safi. Mashuka ya kudarizi yalipangwa juu ya meza, yamekunjwa pembe kwa pembe, kila moja lina karatasi yenye jina la mteja. Moja lilikuwa bado kwenye fremu, limedariziwa ndege bila mabawa. Hakuna lililoguswa. Kilichoguswa kilikuwa sanduku la nguo za mtoto. Lilimwagwa lote sakafuni, na madaftari ya shule yalikuwa yamefunguliwa moja moja, mtu akitafuta jina la shule kwenye majalada. Mama yake hakuwa ameliandika mahali popote.

Mtoto wa kike, miaka sita. Siku za shule alilala kwa mama yake mdogo, msusi, upande wa pili wa mji, mahali ambapo Turubai hakupajua, na ndiyo sababu Jumatatu hakuwapo.

"Turubai hajui mtoto alipo," koplo alisema. Alikuwa ameyasema hayo mara tatu tangu asubuhi, kama mtu anayejibembeleza.

"Hata alipo mkewe hakupajua. Mwaka na nusu hakujua, halafu siku moja akajua. Nikijua alijuaje, nitajua na kingine anachokijua."

Alizunguka cherehani. Ilikuwa nzuri kuliko kitu kingine chochote mle chumbani. Ubavuni ilibandikwa karatasi ya kung'aa, imechapwa kwa herufi za maua: *Pole na karibu tena kazini. Kutoka kwa wanajamvi wenzako.*

"Jamvi ni nini?" aliuliza.

Koplo alifurahi kuulizwa kitu anachokijua. "Ni kwenye mtandao, afande. Watu wenye biashara zao wenyewe wanakutana humo. Wadarizi, wachomeleaji, wenye mikokoteni, wote. Wanatafutana, wanapeana kazi. Mke wangu yumo, anauza mito."

"Cherehani inafika vipi kwenye chumba ambacho hakuna anayekijua?"

Koplo aliitazama cherehani, kisha mlango.

"Mtu alimwelekeza mbebaji. Mlango ukiwa bluu. Nani mkubwa wa Jamvi?"

*

Mkubwa wa Jamvi alikuwa mwanamke mnene mwenye duka la kupiga chapa, na wanachama walimwita Bi Chapa. Walimkuta anasimamia mashine inayotoa karatasi za rambirambi. Zilikuwa za Mama Mashuka. Picha yake ilikuwa inaanguka kwenye trei, moja juu ya nyingine, anacheka.

"Zima mashine, mama," Inspekta alisema.

"Nina oda ya mia tatu, afande. Mazishi ni kesho."

"Zima, tuzungumze."

Ilipozimwa, duka likawa kimya mno. Bi Chapa alivuta kiti, akakaa, akaacha wao wasimame.

"Cherehani ya marehemu ilitoka kwenu."

"Tulichanga. Alikuja hapa dukani hana hata sindano. Jicho moja limefumba. Nikasema huyu hatuwezi kumwacha. Watu walitoa, afande, watu ambao wenyewe hawana. Nilijivunia sana siku ile."

"Nani aliipeleka?"

"Mwenye mkokoteni. Alifariki mwaka jana, kifua kilimzidi. Kama mnamtafuta huyo mtachimba."

"Alijuaje njia?"

"Mama Mashuka alinielekeza mimi, kwa siri, nami nikamwelekeza yeye."

"Ulimwambiaje?"

Bi Chapa alifumba macho akakumbuka. "Nyuma ya ghala la mbao, mlango wa nne kushoto, wa bluu."

Koplo alimtazama Inspekta. Inspekta hakumtazama mtu.

"Mwingine uliyemwambia nani?"

"Hakuna! Na mnisikilize vizuri. Yule mwanaume alikuja hapa mara tatu. Alikaa hapo mlipo, akalia machozi. Naye ni mwanajamvi, lori lake limebeba mizigo ya nusu ya wanachama. Nikamwambia shemeji, sijui alipo. Nikamdanganya usoni, na Mungu anisamehe, mimi si mwongo."

"Nakuamini. Uliiandika wapi?"

"Kuandika nini?"

"Njia. Mtu aliyezoea kazi ya chapa haachi maneno yapotee hewani. Mwenye mkokoteni alikuwa anakusikia kwa simu au alisoma?"

Bi Chapa aliitazama mashine. Kisha, kwa sauti nyingine kabisa: "Kwenye kadi yake."

Alieleza polepole. Jamvini kila mwanachama alikuwa na kadi yake: biashara, bidhaa, namna ya kufika. Mama Mashuka alipokimbia, aliomba kadi yake ifutwe. Bi Chapa hakuifuta. Aliiweka pembeni, na baadaye akaandika humo njia mpya.

"Pembeni ndiyo wapi?"

"Ni kama stoo. Unaweka alama ya nyota mbele ya jina, basi mtu haonekani tena na yeyote ila mimi. Mwenye mkokoteni nilimsomea kutoka hapo."

"Kwa nini hukumfuta? Alikuomba umfute."

"Aliomba." Alichukua karatasi moja ya rambirambi, akaitazama, akaigeuza chini. "Ukimfuta mtu, hesabu inashuka. Tulikuwa tunakaribia wanachama elfu moja. Kila tunapokwenda kuomba nafasi kwenye maonyesho wanauliza, mko wangapi? Nikasema mambo yakitulia atarudi, atakuta kadi yake inamsubiri. Sikuona ubaya. Miaka yote nimewaweka watu pembeni na hakuna aliyewahi kuonekana."

"Bado yuko pembeni?"

"Yuko. Jamvi la zamani tumelifunga tu, sasa kuna jipya, linasukwa upya. Kijana wetu wa mitandao amehamisha kila kitu."

"Na nyota pia kazihamisha?"

Bi Chapa aliinuka, akaenda kwenye ngazi, akaita kwa nguvu kuliko ilivyohitajika: "Miwani! Miwani, uko juu?"

*

Miwani alikuwa mwanaume wa miaka thelathini na kitu, shati limepigwa pasi, miwani imefungwa kwa gundi upande mmoja. Chumba chake cha juu kilikuwa na meza, kompyuta mbili, na ukuta mzima uliobandikwa karatasi za michoro: Jamvi la zamani kushoto, Jamvi jipya kulia. Alidhani wamekuja kutazama kazi, akaanza kueleza kabla hajaulizwa.

"La zamani lilikuwa kaburi, afande. Samahani Mwenyekiti, lakini ndivyo watu walivyosema. Mtu anaingia, anaona orodha ya majina, anatoka. Mchomeleaji hajui kwamba mtaa wa pili kuna muuza vyuma. Kwa hiyo nimesuka upya kabisa. Humu mtu hatafuti. Anatafutiwa."

"Majina yenye nyota uliyafanyaje?" Inspekta aliuliza.

"Nyota? Aa, zile! Zilinisumbua sana. Majina yenye nyota yalikuwa hayapangiki, yanakaa juu yote pamoja. Nikadhani ni takataka za programu ya zamani. Nikazisafisha."

"Zote?"

"Zote. Arobaini na tatu."

Bi Chapa alikuwa ameshika ukingo wa ngazi. "Sikukwambia," alisema. "Nilikueleza rangi. Nilikueleza ukubwa wa maandishi. Hilo sikukwambia."

"Lipi?" Miwani aliwatazama mmoja mmoja. "Nyota zilikuwa za nini?"

Inspekta alivuta kigoda akakaa mbele ya kompyuta.

"Mwanangu, sikiliza. Nioneshe kadi ya Mama Mashuka kama anavyoiona mtu mwingine."

Ilitokea. Picha ileile ya kwenye rambirambi. *Mashuka ya kudarizi kwa mkono.* Chini yake, *Namna ya kufika: nyuma ya ghala la mbao, mlango wa nne kushoto, wa bluu.*

"Jamvi jipya mmelifungua lini?"

"Jumamosi saa nane mchana. Wanachama wote waingie wajaribu, watuambie kasoro."

"Unaweza kuona nani alifungua kadi hii?"

"Kila mbofyo unaandikwa." Vidole vyake vilikwenda haraka, kisha vikapunguza mwendo. "Ni mtu mmoja tu. Mwanachama wa mia mbili na kumi na mbili. Usafirishaji, lori tani saba." Alishusha kidole mstari mmoja. "Jumamosi, saa tisa na dakika sita."

"Aliandika jina lake akamtafuta?"

"Hapana." Hapo Miwani alishusha sauti. "Hakutafuta. Aliletewa. Nimeweka kitu hapa, kinaitwa Huenda Unamfahamu. Mtu akiingia tu, Jamvi linamletea watu watatu ambao huenda anawafahamu. Linaangalia nani alimwalika nani, nani waliwahi kuwa na anwani moja. Mama Mashuka aliingia Jamvini miaka minne iliyopita kwa mwaliko wa..."

"Wa mumewe," Inspekta alimalizia.

"Aliwekwa wa kwanza. Kati ya wote watatu, Jamvi lilimweka yeye wa kwanza."

Inspekta alikuwa bado anasoma skrini. Aliweka kidole chini kabisa ya kadi, kwenye mstari mdogo wenye rangi nyepesi.

"Hii nini? *Mpokeaji.*"

Bi Chapa ndiye aliyejibu. "Huo ni utaratibu wetu wa siku zote. Sisi tunafanya kazi peke yetu, afande, hatuna wafanyakazi. Ukitoka dukani hakuna wa kupokea mzigo. Basi kila mwanachama lazima amtaje mtu, mzigo ukija na yeye hayupo, uachwe kwa huyo. Anaandika na namba na njia, ili..."

Aliusoma mstari ule mwenyewe.

*Mpokeaji: mdogo wangu, msusi. Saluni ya kona, mkabala na karakana ya matairi. Tukikosekana dukani, ulizia hapo.*

"Alibonyeza hapa?" Inspekta aliuliza.

"Jumamosi, hapana. Jumapili, hapana. Alifungua kadi mara kumi na nne, lakini hapo hakubonyeza. Jumatatu hakuna kitu. Jana hakuna." Miwani alishusha mstari, akaushusha tena. "Leo. Leo asubuhi, saa tatu kasoro dakika tano. Amebonyeza, akafungua na ramani."

"Simu yake imezimwa!" koplo alisema. "Tumeifuatilia siku mbili!"

"Jamvi halitaki namba yako. Ukiwa na neno la siri unaingia kwa simu yoyote."

"Sasa hivi saa ngapi?"

"Saa nne na robo."

Inspekta alikuwa ameshafika kwenye ngazi. Alisimama hatua moja tu. "Zima hiyo kitu. Yote. Mama, una majina ya wale arobaini na tatu?"

"Ninayo kichwani."

"Wapigie. Mmoja mmoja, kwa mdomo wako mwenyewe. Usimpe mtu mwingine hiyo kazi."

*

Koplo aliendesha. Inspekta alipiga namba ya msusi, ikaita mpaka ikakatika. Akaita gari la doria la upande ule, akaambiwa lipo mbali, limekwenda kwenye ajali. Alipiga tena namba ya msusi.

Safari hii ilipokelewa. Hakuna aliyesema.

Alisikiliza. Hapakuwa na redio, wala sauti ya mashine ya kukaushia nywele, wala kicheko cha wateja. Palikuwa na mtu anayepumua kwa pua. Inspekta aliinua mkono, koplo akaacha hata kupiga honi. Sauti aliyoitoa baada ya hapo koplo hakuwahi kuisikia, nyepesi, ya mtu mwenye haraka ya sokoni.

"Haloo dada! Mimi mteja wako wa Jumamosi. Jamani, nimemkuta yule binti wa marehemu dada yako huku sokoni, yuko peke yake, analia. Nimletee hapo saluni, au uko nyumbani?"

Koplo alikuwa ameuma midomo.

"Mlete saluni," sauti ya kiume ilisema, taratibu kabisa, ya upole. "Msusi ametoka kidogo."

"Nani mwenzangu?"

"Baba yake."

"Oo, ahsante Mungu. Nusu saa hivi nimefika, nisubiri hapo hapo kaka yangu." Akakata.

"Mtoto hana," alisema kwa sauti yake ya kawaida. "Angekuwa naye asingejibu. Na hatatoka hapo mpaka nusu saa iishe. Tutatumia dakika ngapi?"

"Kumi na mbili. Kumi nikipita kwa nyuma." Koplo alikanyaga mafuta. "Na msusi, afande?"

"Endesha," Inspekta alisema.

Saluni ilikuwa ya kona, mkabala na karakana ya matairi, kama kadi ilivyosema. Kufuli lilikuwa bado limefungwa, lakini komeo lenyewe lilikuwa limeng'olewa na misumari yake, na mlango umerudishwa taratibu usionekane. Ubaoni palikuwa na karatasi iliyoandikwa kwa mkono. *Nimefiwa. Tutaonana Jumatatu.* Koplo alizunguka nyuma. Inspekta alihesabu mpaka ishirini, akausukuma mlango.

Turubai alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, ameelekea kioo, kofia mapajani. Alimwona Inspekta kwenye kioo kabla hajageuka. Alitazama nyuma yake, chini, pale mtoto angekuwa.

"Yuko wapi?"

"Hayupo."

"Ulisema unamleta."

"Nilisema. Mikono juu ya meza, Turubai."

Kisu kilikuwa juu ya meza ya vitana. Alikitazama, akautazama umbali. Koplo alikuwa ameshaingia kwa mlango wa nyuma na bunduki mkononi. Turubai aliweka mikono mezani, kati ya chupa za mafuta ya nywele, kama mtu anayesubiri kukatwa kucha. Simu ya msusi ilikuwa ukutani, bado inachajiwa. Inspekta alipita akafungua pazia la chumba cha nyuma. Beseni, taulo, ndoo. Hakuna mtu, wala tone la damu. Aliegemea ukuta kidogo, hakuna aliyemwona.

"Msusi yuko wapi?"

"Nilikuta pamefungwa."

Koplo alimfunga pingu, akampekua. Mfuko wa kulia ulikuwa na simu mpya. Mfuko wa kushoto ulikuwa na kipande cha kamba ya manjano, kimekatwa vizuri kwa kisu. Kilikuwa kifupi kuliko kile cha Jumatatu. Koplo alikishika kwa ncha mbili, akakipima kwa macho, kisha akaelewa kimekatwa kifupi kwa sababu gani. Koplo alikuwa na watoto. Alikiweka juu ya meza, akatoka nje, akakaa kwenye ngazi.

"Mimi nilishaacha kumtafuta," Turubai alisema. Alikuwa anamwambia Inspekta wa kwenye kioo. "Andika hivyo, dada. Nilishaacha. Nilikuwa nimeegesha lori, nasubiri mzigo, nimeshika simu tu. Simu ndiyo iliyoniuliza kama namfahamu."

"Nitaandika," Inspekta alisema. "Na hiki cha mfukoni nitaandika nani alikuuliza?"

Turubai aliacha kukitazama kioo.

Nje alimkuta koplo amesimama tena, macho mekundu, anajifanya anasoma karatasi ya mlangoni. "Doria wanafika dakika tano, wao wamchukue," Inspekta alimwambia. "Ukifika kituoni mtoe fundi viatu, wewe mwenyewe. Na umwombe radhi."

"Ndiyo, afande. Na wewe?"

Inspekta aligonga karatasi kwa kidole. Mtu aliyefiwa na dada, na mazishi kesho, siku kama ile anakuwa mahali pamoja tu.

*

Chumba cha maiti kilikuwa nyuma ya hospitali, na mbele yake palikuwa na veranda yenye mabenchi ya saruji. Watu walikaa kimya kwa mafungu, kila fungu na maiti wake. Msusi alikuwa mwisho wa benchi la tatu, bahasha ya karatasi za hospitali mapajani. Mtoto alikuwa kando yake na sare za shule, miguu haifiki chini.

Inspekta alikaa upande wa msusi. Walizungumza kwa sauti ya chini.

"Tumempata," alisema.

Msusi alifunga macho, midomo ikacheza bila sauti. Alipoyafungua hakuuliza wapi. Aliuliza, "Alikuwa anakuja kwangu?"

"Alikuwa kwako."

"Saa ngapi?"

"Mmetoka, naye akaja. Hamkupishana sana."

"Nilitaka kumwacha na jirani," msusi alisema. "Nikamgongea, hakuwapo. Nikasema nimwache shuleni, nikakuta nimechelewa kengele. Nikamwambia basi twende." Alishika mkono wa Inspekta kwa nguvu, mkono mgumu wa kazi, akauachia palepale kama aliyekumbuka kuwa ni polisi. "Huku si mahali pa kumleta mtoto. Watu wote wananitazama tangu asubuhi."

"Umefanya vizuri kumleta."

"Nilikosa pa kumwacha tu, afande. Sikufanya chochote."

Mtoto alikuwa anahesabu vigae vya sakafu kwa kidole, akifika kumi anaanza upya. Inspekta alimtazama juu ya magoti ya mama yake mdogo.

"Anajua?"

Msusi alitikisa kichwa. "Jumatatu nilimwambia mama amesafiri. Leo akaniuliza tunakwenda wapi. Nikamwambia..." Aliikunja bahasha mapajani. "Nikamwambia tunakwenda kumchukua mama."

Mlango wa chuma mwishoni mwa veranda ulifunguliwa. Mhudumu alitoka na glavu mkononi na daftari kwapani, akavuta miwani puani, akasoma.

"Waliokuja kumchukua Mama Mashuka!"

Inspekta alinyoosha mkono, lakini alichelewa. Mtoto alikuwa ameshasimama, anavuta sketi yake ya shule ikae vizuri.